Msanii Hajulikani

Nataka kugombana na watu, na ni heri niwataje mapema ili kila mmoja ajitambue. Nagombana na wale wanaojaza nyimbo elfu mbili ndani ya simu bila kujua hata moja imepigwa na bendi gani. Nagombana na wale wanaouza nyimbo vibandani, ambao hufuta jina la mwimbaji wakaandika mahali pake jina la kibanda na namba ya simu. Na nagombana zaidi na wasomi wenzangu, wanaoijua thamani ya jina, lakini wakaliona jambo hili kuwa ni mchezo wa vijana usiowahusu.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba kazi ya kwanza ya mwalimu kila asubuhi ni kuita majina. Mtoto ambaye jina lake halimo katika daftari la mahudhurio hakuwapo shuleni, hata kama alikaa dawati la mbele. Leo nikifungua maktaba ya muziki katika kompyuta za watu, naliona darasa zima la watoto wasioandikwa. Msanii hajulikani. Wimbo wa 1. Wimbo wa 2. Na pale ambapo ingekaa picha ya jalada pana mraba wa kijivu wenye alama ya nota.

Kwanza tuelewane jinsi majina hayo yalivyopotea, maana wengi hudhani kompyuta imeyameza. La hasha. CD nyingi za muziki hazikubeba jina la wimbo hata moja ndani yake. Ulipoiingiza CD, kompyuta ilihesabu nyimbo zilizomo na urefu wa kila mmoja, kisha ikauliza kwenye intaneti kama kuna CD inayojulikana yenye hesabu kama hiyo. CD iliyotoka kiwandani Ulaya ilipata jibu. Lakini muziki wetu mwingi ulifika kwenye kompyuta kwa njia za panya: kutoka santuri au redio kwenda kaseti, kutoka kaseti kwenda CD iliyochomwa nyumbani, na kutoka hapo kwenda faili la mp3. CD hiyo haikuwahi kuonekana na mtu mwingine duniani. Basi hazina ya intaneti ikanyamaza, na mashine ikaandika kwamba msanii hajulikani. Hajulikani kwa nani? Mbaraka Mwinshehe alijulikana na kila mtu mwenye redio, na kifo chake katika ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, kiliwaliza watu wa nchi mbili. Asiyemjua ni mashine, nasi tumekubali ujinga wa mashine uwe ndiyo kumbukumbu yetu.

Kuna wanaonijibu kwamba muziki ni wa masikio, na jina ni la nini? Hoja hii ni tamu mdomoni lakini haina lishe. Chukua mji wa Morogoro peke yake. Palikuwa na Cuban Marimba ya Salim Abdullah, na palikuwa na Morogoro Jazz, na mashindano yao ndiyo yaliyoufanya mji ule uimbwe nchi nzima. Salim Abdullah alifariki mwaka 1965, bendi ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Mbaraka naye aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Kwa hiyo mtu anayeutia wimbo wa "Shida" chini ya Morogoro Jazz kwa sababu tu amesikia sauti ya Mbaraka ameifuta Super Volcano pamoja na wapigaji wake wote. Au itazame bendi ya wafanyakazi iliyozaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Majina hayo ni kalenda. Ukiona NUTA unajua umo katika zama zipi za nchi, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa na sura gani. Ukizirundika nyimbo zote chini ya Msondo Ngoma, umeing'oa kalenda ukutani ukaitupa, halafu unalalamika kwamba vijana hawajui historia.

Wa pili huniambia nisihangaike, programu zitasahihisha zenyewe. Ni kweli zipo programu zinazosikiliza wimbo, zikachukua alama ya sauti yake kama polisi achukuavyo alama za vidole, kisha zikatafuta jina. Ninaitumia mojawapo, MusicBrainz Picard, nayo haina malipo. Lakini alama ya vidole haimtambui mtu ambaye hajaandikishwa kituoni. Programu hujua tu kile ambacho binadamu fulani, mahali fulani, alikaa akakiandika. Kama sisi hatukuandika, nani atuandikie?

Na tusidhani kwamba daftari lenyewe lilichorwa na watu waliotufikiria. Mwaka 1996 ulipobuniwa mtindo wa kwanza wa kutia maelezo ndani ya faili la mp3, yale ambayo vijana huyaita tagi, nafasi yote ilikuwa baiti 128 mwishoni mwa faili. Jina la wimbo lilipewa herufi 30, la msanii 30, la albamu 30, na mwaka tarakimu 4. Jaribu kuandika "Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band" katika nafasi hiyo. Herufi zinakwisha baada ya neno Morogoro, na sasa msomaji anaarifiwa kwamba Mbaraka aliimba pamoja na mji mzima! Mtindo wa pili, uliotoka mwaka 1998, uliondoa kipimo hicho na kuleta nafasi ya picha, lakini mafaili ya zamani bado yanatembea na majina yaliyokatwa mikia.

Aina ya muziki ndiyo inayonichoma zaidi. Mtindo ule wa kwanza ulikuja na orodha ya aina 80. Polka imo. Taarabu haimo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akaimba kwa Kiswahili ndani ya santuri, na miaka karibu 70 baadaye orodha ikaandikwa kana kwamba hakuwahi kufumbua kinywa. Ukitaka kumweka mahali, orodha ile inakupa neno lenye maana ya muziki wa makabila, au uchague "mengineyo". Dansi nalo lina mtego wake. Mashine huona neno Jazz katika jina la bendi, na mtu asiyefikiri huipeleka Morogoro Jazz ikakae na wapiga tarumbeta wa New Orleans. Kwetu neno hilo lilikuwa jina la heshima la bendi ya magitaa, wala halikuwa aina ya muziki. Programu za leo zinakuruhusu kuandika aina yoyote utakayo. Basi andika Taarabu. Andika Dansi. Hakuna anayekuzuia isipokuwa uvivu.

Wa tatu husema kwamba wenye nyimbo hizo wamekwisha kufa, nani atadai? Huyu namjibu kwa sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi ulinzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, mtunzi aliyefariki mwaka 1979 bado jasho lake linalindwa hadi mwaka 2029. Ana watoto, ana wajukuu. Wimbo ukipigwa redioni au katika tangazo, malipo hufuata jina. Pasipo jina, au palipo na jina la muuza flashi, fedha haijui iende wapi. Ndiyo maana nasema kufuta jina la mwimbaji ni sawa na kumchomolea mjane mfukoni, tena bila hata kumtazama usoni.

Wako pia wenye tabia ya kuandika "wimbo wa asili" kila wasipomjua mtunzi. Mara ngapi nimeuona "Jambo Bwana" umeandikwa hivyo! Wimbo huo ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, ukatolewa na Them Mushrooms wa Kenya mwaka 1982, na mwaka uliofuata kundi la Boney M likaimba toleo lake huko Ulaya. Una mtunzi, una bendi, una mwaka. Asili yake ni kichwa cha mtu na usiku wake wa kazi. Kuuita wa asili ni kusema umeota wenyewe kama magugu.

Hata hivyo sitaki bidii ya upofu. "Malaika" tunaujua wote. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akautembeza dunia nzima, lakini utunzi wake umedaiwa na zaidi ya mtu mmoja. Hapo mwandishi mwaminifu huandika aliyeimba mahali pa mwimbaji, na mahali pa mtunzi hueleza kwamba pana mgogoro. Nafasi tupu ni jambo la heshima. Mwanafunzi anayeacha swali bila jibu namsahihisha kwa dakika moja. Anayebuni jibu lenye sura ya ukweli hunichukua saa nzima, na mara nyingi amekwisha kuwaambukiza wenzake. Jina la kubahatisha likiingia katika faili husambaa kwa maelfu ya simu, na siku utakapolisahihisha utaambiwa wewe ndiye mwongo, maana wote wameandika vile.

Sasa niseme la picha. Vijana huona aibu ya ule mraba wa kijivu, wakatafuta picha yoyote ya kuuziba: twiga, machweo, mlango wa Zanzibar. Nimeona wimbo wa bendi ya wafanyakazi wa Dar es Salaam umepambwa kwa pundamilia wawili. Jalada la uongo ni baya kuliko kukosa jalada, kwa sababu macho huamini upesi kuliko masikio. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: santuri zetu nyingi ndogo za wimbo mmoja kila upande hazikuwa na jalada la picha. Ziliuzwa ndani ya bahasha ya kampuni yenye tundu katikati. Picha yake ya kweli ni ile karatasi ya duara katikati ya santuri, yenye jina la wimbo, bendi, mara nyingi mtunzi, na namba ya toleo. Ipige picha hiyo kwa simu, kwenye mwanga mzuri, uitie ndani ya faili. Hapo umepata picha na ushahidi kwa pamoja. Mwenye kaseti naye apige picha ile karatasi ya ndani, pande zote mbili.

Mengine ni kazi ya kawaida ya karani. Hifadhi nakala ya mafaili kabla ya kugusa kitu. Chagua tahajia moja na uishike, maana ukiandika Marijani Rajabu leo na Marijan Rajab kesho, mashine itakuzalia watu wawili. Mwaka uwe wa kurekodiwa, si wa CD ya mkusanyiko, la sivyo nyimbo za miaka ya 1970 zitaonekana zimetoka juzi. Bendi iwekwe mahali pa bendi, mtunzi mahali pa mtunzi, na ulichokipata kwa mdomo wa mzee fulani kiandikwe katika nafasi ya maoni, pamoja na tarehe uliyoelezwa. Kisha usikae nacho kama siri ya mganga. Kipeleke kwenye hazina zile za intaneti zinazopokea michango ya watu wote, ili faili la mtu wa Mwanza au Muscat lipate jibu litakapouliza.

Nawageukia walimu wenzangu, walio kazini na waliostaafu. Tulifundisha watoto kuandika jina juu ya kila karatasi ya mtihani, na asiyeandika tulimnyima alama. Kwa nini basi tunavumilia urithi wa sauti zetu uzagae bila jina, tukidai kwamba ni mambo ya kompyuta? Mjukuu anajua kubonyeza, lakini hajui kwamba sauti ile ni ya JUWATA wala si ya Maquis. Wewe unajua. Wazee waliopiga magitaa yale wanapungua kila mwaka, na kila anayeondoka anaondoka na majina ambayo hayamo katika mashine yoyote. Keti na mjukuu jioni moja, yeye abonyeze, wewe utaje. Nyimbo kumi kwa wiki ni zaidi ya 500 kwa mwaka. Mwalimu aliyewahi kusahihisha madaftari ya darasa zima kwa taa ya chemli hana udhuru wa kuniambia kwamba kazi hiyo ni kubwa.