Saa mbili usiku ikifika, gitaa lako lina haki gani?

Wewe unayepiga gitaa na unaishi Kisauni, Likoni au Changamwe, hebu nikuulize: mazoezi unafanya saa ngapi? Kama ni kibarua, unatoka kazini jioni, unapigania matatu ama unasubiri feri, ufike nyumbani, uoge, ule. Hapo ni saa tatu. Ndipo unashika gitaa, na ndipo jirani anagonga ukuta.

Mimi naishi Kisauni, chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili. Vyumba sita, korido moja, kuta hazifiki kwenye mabati. Chumba cha kulia kuna mama ana mtoto mchanga. Nikiwasha amplifaya, mtoto analia. Mama hata hagombi, anasema tu, "Mwanangu, kesho pia ni siku." Afadhali angenitukana.

Na ujue huyo mama ana sheria upande wake. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinasema kelele ndani ya makazi isizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku. Desibeli 35 ni kama watu wananong'ona. Na usiku wa sheria hii unaanza saa mbili na dakika moja, unaisha saa kumi na mbili asubuhi. Piga hesabu. Saa ambazo sheria inakupa nafasi kidogo, wewe uko kazini. Saa uliyopata nafasi wewe, sheria imefunga.

Nimesikia watu wakisema, "Si ununue gitaa kavu?" Gitaa kavu pia lavuka desibeli 35 bila jasho. Halafu anayetaka kupiga bango au kuingia bendi ya hoteli lazima azoee gitaa la stima, maana vidole hujifunza kwa sauti vinavyoisikia.

Ndiyo maana nimejichanga nikanunua modela ya dijitali. Ni kisanduku ambacho ndani yake kuna programu inayoiga sauti ya amplifaya, spika na pedali. Unachomeka gitaa huku, hedifoni kule, basi. Si kitu cha jana. Kampuni ya Line 6 ilitoa POD yake mwaka 1998. Lakini leo vimekuwa vidogo, na kama una laptop na kadi ya sauti ya kuchomeka gitaa, iko programu ya bure kabisa, Neural Amp Modeler, iliyoanzishwa na Steven Atkinson. Kwa hivyo usiseme ni mambo ya matajiri kabla hujaangalia.

Shida ni kuwa wengi wananunua, wanajaribu siku mbili, wanasema sauti ni mbovu, wanauza. Mara nyingi si mashine. Ni mpangilio. Fanya hivi.

Kwanza, iambie mashine sauti inaenda wapi. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchagua hedifoni au amplifaya. Ukitumia hedifoni, uigaji wa kabati la spika lazima uwashwe. Ukizimwa, utasikia nyuki kwenye mkebe. Ukichomeka kwenye amplifaya ya gitaa yenye spika yake, uzime, la sivyo sauti itapita kwenye makabati mawili na kuwa nzito kama imefunikwa blanketi.

Pili, pima sauti inayoingia. Piga nyuzi zote kwa nguvu yako yote. Taa ikigeuka nyekundu, punguza mpaka isiwake tena.

Tatu, achana na preseti za kiwandani. Nyingi zimetengenezwa kumfurahisha mtu dukani: roki nzito, mwangwi kama uko kanisani. Chakacha na bango zinataka kila uzi usikike peke yake. Anza na ukurasa mtupu: amplifaya moja safi, kabati moja, mwangwi kidogo tu. Tafuta inayoiga Roland JC-120, ile iliyotoka mwaka 1975 na kujulikana kwa usafi wake. Ukiridhika, ndipo uongeze kitu kimoja kimoja.

Nne, hedifoni iwe ya waya. Ya Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100. Unapiga sasa, unasikia baadaye, na mdundo unakuponyoka. Kwenye laptop, weka bafa ya sampuli 128 kwa kiwango cha 48,000. Ucheleweshaji wa bafa hiyo haufiki milisekunde 3. Sauti ikianza kukatika, panda hadi 256.

Tano, stima. Soma alama kwenye kisanduku kabla ya kuchomeka chaja yoyote. Volti zikiwa sawa bado haitoshi. Angalia pia chanya na hasi ziko upande gani, kwa sababu chaja nyingi za redio zimegeuzwa. Stima ikipotea, chomoa, maana inaporudi huja kwa kishindo. Na usinicheke. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na tangu hapo mtu mwenye akili huhifadhi kazi yake mapema. Vipo vidogo vyenye betri ndani. Huku kwetu betri ni ya muhimu kuliko preseti mia.

Sita, usiamini sauti ya usiku. Sikio likisikiliza kwa sauti ya chini hupoteza besi na treble, kwa hivyo utaziongeza. Ukifika jukwaani na kufungulia, besi itawafukuza watu. Weka preseti mbili, moja ya chumbani na moja ya jukwaani.

Sawa, mashine imekubali. Jirani analala, mtoto analala, mimi napiga mpaka saa sita. Sasa nikwambie kinachonisumbua.

Hapa hapa Kisauni kuna Freretown, nyumbani kwa Mzee Joseph Ngala, muasisi wa bango. Them Mushrooms ilianzia Mombasa mwaka 1972, ikapiga hoteli za Pwani kabla dunia haijaijua. Muziki wa namna hiyo mtu anauchukua kwa kusikia: unapita kwenye uchochoro, unamsikia mtu anakosea, mzee anamwambia, "Hapo rudi nyuma." Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Gitaa ndilo darasa pekee ambalo sikudaiwa. Na walimu wangu walikuwa watu waliopita nje ya dirisha.

Na hedifoni hakuna anayepita. Nilirudia kosa moja miezi miwili mizima nikidhani ndiyo staili yangu. Siku nilipopiga mbele ya watu Likoni, mpiga besi alinirekebisha ndani ya dakika moja.

Kwa hivyo hii si hadithi ya kifaa tu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Jedwali hilo hilo linazipa pia kazi ya utamaduni na burudani ya umma. Kuzima kelele ni rahisi. Askari wa kaunti anaingia, anachomoa waya. Utamaduni unataka chumba. Chumba kimoja tu katika kila wadi, chenye mlango mzito na saa za mazoezi mpaka saa nne usiku, kingefanya kile ambacho kisanduku changu hakiwezi. Wanasiasa wetu wanapenda kutuita "vijana wenye vipaji" kila wakishika maikrofoni. Safari ijayo akija mtaani kwako, muulize kipaji hicho kifanye mazoezi wapi baada ya saa mbili.

Mpaka apate jibu, mama wa chumba cha pili ana haki ya kulala, na wewe una haki ya kujifunza. Usigombane naye. Panga modela yako vizuri, vaa hedifoni, piga. Lakini Jumapili alasiri chomoa hiyo hedifoni, toa gitaa kibarazani, upige polepole watu wasikie.

Mimi nilifanya hivyo wiki iliyopita. Mama alitoka na mtoto mgongoni, akasikiliza kidogo, akauliza, "Kumbe ndiyo hii unayopiga usiku?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Huo wa pili, mwisho wake unaukimbiza."

Na kweli, nilikuwa naukimbiza.