Si Kila Doa ni Ugonjwa

Wanafunzi wengi huamini kwamba picha haidanganyi. Imani hiyo hapana budi ichunguzwe, hasa picha inapohusu uhai wa mtu.

Mashine ya CT, ipigayo picha za vipande vya mwili kwa eksirei na kompyuta, ilitumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1971, jijini London. Mhandisi Godfrey Hounsfield, aliyeiunda, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyetafuta msingi wake wa kihesabu.

Sasa tuchukue picha ya ini yenye doa. Je, doa hilo ni uvimbe? Jibu limo katika mzunguko wa damu. Takriban robo tatu ya damu ya ini huletwa na vena porta kutoka kwenye utumbo. Iliyobaki huletwa na ateri. Kwa hiyo mgonjwa hudungwa mshipani dawa ya iodini, ambayo huzuia eksirei, kisha hupigwa picha kadhaa: baada ya sekunde 35 hivi, dawa ikiwa katika ateri; baada ya sekunde 70 hivi, ikiwa imefika kwa vena porta; na tena baada ya dakika chache.

Sehemu iliyopokea damu nyingi ya ateri bila ya kuwa na uvimbe hung'aa katika picha ya kwanza, aghalabu kwa umbo la kabari, kisha hufanana na ini lote. Mafuta yaliyokusanyika mahali pamoja huonekana kama doa jeusi, lakini mishipa hupita ndani yake bila kusukumwa kando. Saratani iliyoanzia katika seli za ini, kwa kawaida, hung'aa kwanza, kisha hufifia kuliko ini linaloizunguka.

Kukosea hapa si jambo dogo. Asiye na saratani aweza kutiwa hofu na kuchomwa sindano ya kutoa kipande cha ini bila sababu. Aliye nayo, akiambiwa ni mafuta tu, hupoteza muda usiorudi.

Kwa maoni yangu, walimu wa sayansi wasiridhike kumwuliza mwanafunzi ameona nini. Wamwulize pia: kilionekana wakati gani, katika hali gani, na baadaye kilibadilikaje? Daktari wa kesho ataanza kujifunza kusoma picha za ini katika maabara ya shule, kabla hajaiona mashine yenyewe.