Nguvu ya Manowari Imo Katika Meli Inayoihudumia

Mwanafunzi akiulizwa nguvu ya manowari imo katika nini, aghalabu hutaja mizinga na unene wa chuma chake. Jibu hilo ni pungufu. Historia ya pwani ya Lindi na Rufiji yaonyesha kwamba mzinga hauna kazi mpaka ufikishwe vitani na makaa au mafuta, maji, vipuri na chakula. Na vitu hivyo huletwa na meli zisizotajwa sana vitabuni.

Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105, na mwendo uliopita maili 20 za bahari kwa saa. Lakini nguvu inayohitajika kuisukuma meli huongezeka, kwa makadirio, kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Mwendo ukiwa mara mbili, injini hudai nguvu mara nane. Na kwa kuwa safari humalizika kwa nusu ya muda, makaa yatumikayo huwa mara nne. Manowari yenye mbio, basi, ni mlafi. Waingereza walilijua hilo, wakanunua makaa yaliyokuwa Msumbiji ili adui asiyapate.

Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja. Hata hivyo, injini yake iliharibika, ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji, na vipande vya mitambo vikapelekwa kwa njia ya nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam. Makaa yalitoka Lindi: meli ya biashara Präsident, iliyojificha katika mto Lukuledi, iliyapeleka kwa matishali. Mwezi Oktoba mabaharia wa manowari Chatham waliipekua Präsident, wakakuta hati zilizoonyesha makaa yalikokwenda. Tarehe 30 Oktoba Königsberg ikaonekana. Njia iliyoilisha ndiyo iliyoifichua.

Aprili 1915 meli Rubens, iliyotoka Ujerumani na makaa, ilifukuzwa na Waingereza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaungua. Risasi nyingi ziliokolewa, lakini makaa hayakufika Rufiji, na tumaini la Königsberg kurudi kwao likakatika. Tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa na manowari ndogo Severn na Mersey, ambazo nazo zilikokotwa na meli nyingine safari ndefu kutoka Malta, na kuelekezewa shabaha na ndege zilizoruka kutoka Mafia.

Machi 1916 meli nyingine, Marie, ilipenya hadi ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, ikiwa na mizinga na risasi. Shehena hiyo ilipelekwa bara vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika. Pasipo reli wala barabara, mzigo wa vita huwaangukia watu. Na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo.

Isidhaniwe kwamba mambo hayo yalikwisha pamoja na enzi ya makaa. Mwaka 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, meli ya shehena Atlantic Conveyor ilipigwa kwa makombora ikiwa imebeba helikopta za Kiingereza. Kwa kukosa helikopta hizo, askari wengi walilazimika kuvuka kisiwa kwa miguu.

Wapo wasemao kwamba nchi inayolinda pwani yake tu haihitaji meli za huduma, maana bandari zake zi karibu. Hoja hiyo ina ukweli kwa sehemu. Lakini ukanda wa uchumi wa bahari hufika maili 200, yaani kilomita 370 hivi. Kwa mwendo wa maili 15 kwa saa, kwenda tu huchukua zaidi ya saa 13. Ikiwa hakuna meli ya kuijazia mafuta huko, basi akiba, gati na karakana hapana budi viwepo nchi kavu. Kazi ni ile ile. Mahali ndipo panapobadilika.

Kwa hiyo mwalimu wa fizikia na mwalimu wa historia yafaa waifundishe habari ya Rufiji kwa pamoja. Mwanafunzi aanze kwa kupima makaa, ndipo ahesabu mizinga. Taifa linalonunua manowari bila kuandaa vya kuihudumia limenunua ulinzi wa siku chache tu.