Akili ya Kuambiwa na Akili ya Mwenyewe

Yako maneno yasemwayo sana barazani siku hizi: akili ya kuambiwa, changanya na ya kwako. Watu wazima huyatumia wanapoonyana juu ya biashara, ndoa na siasa. Walakini twaona kwamba mahali yanapohitajiwa zaidi ni darasani, na huko ndiko yasikikako kwa nadra. Katika toleo hili twapenda kusema machache juu ya mtoto wa shule wa pwani yetu, tangu Kunduchi hata Bagamoyo, Saadani na Pangani, ambaye hufundishwa mambo mengi mazuri lakini hafundishwi kuyaamini na kuyapima mawazo yake mwenyewe.

Tuchukue mfano ulio mlangoni petu. Mtoto wa mvuvi wa Kaole au Mlingotini ajua, pasipo kufundishwa na mwalimu yeyote, kwamba bamvua huja mwezi uandamapo na tena uwapo mpevu, na kwamba katikati yake kuna maji mafu. Ajua siku ambayo mama yake aweza kwenda mwambani kuchokoa pweza, na siku ambayo safari hiyo ni kazi bure. Basi mtoto huyo aingiapo darasani, mwalimu huuliza: Bahari hujaa na kupwa kwa sababu gani? Mtoto hunyamaza. Hanyamazi kwa ujinga. Hunyamaza kwa kuwa amekwisha kuona kwamba jibu la kweli hutoka ubaoni, na yale aliyoyaona pwani hayahesabiwi kuwa elimu. Mwalimu huandika kwamba sababu ni mvuto wa mwezi, mtoto hunakili, na shauri limekwisha.

Sasa na tuseme mwalimu angeuliza kwa njia nyingine: Jana maji yalijaa saa ngapi? Na leo je? Watoto wangetazama kwa muda wa juma moja na kuandika, nao wangeona kwamba kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Kisha angewaambia watazame mwezi vilevile, nao wangekuta kwamba kwa wastani kuchomoza kwake nako huchelewa kila siku kadiri hiyo hiyo. Hapo hakosekani mtoto mmoja wa kusema, Mwalimu, huenda mwezi na maji ni jamaa moja. Mwalimu angemwitikia: Umejuaje? Baada ya mtoto kueleza, ndipo angewafundisha kwamba mwezi huvuta, na jua nalo huvuta, na vitu hivyo viwili viwapo katika mstari mmoja na dunia mivuto yao hujumlika, nayo ndiyo bamvua. Neno lililoandikwa ubaoni ni lile lile; bali mtoto huyu amelifikia kwa miguu yake, wala hatalisahau baada ya mtihani.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake liitwalo Elimu ya Kujitegemea, na humo alitaka shule zimlee mtoto awe na akili ya kudadisi, awe na uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kugeuza lisilomfaa, tena awe na imani kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Mtaala wa mwaka 2005 ulihama kutoka kuhesabu yaliyosomwa ukaja katika umahiri, yaani yale mtoto awezayo kuyatenda kwa elimu yake. Na mtaala wa mwaka 2023 umeshika njia hiyo hiyo. Kwa hiyo maandishi tunayo, tena yametosha. Kinachopungua ni desturi, na adui mkubwa wa desturi hiyo ni hofu.

Mtoto apigwaye kwa sababu amejibu vibaya hujifunza somo moja tu, nalo ni kutojibu. Sisi tulio watumishi wa Serikali twajua kuzisoma kanuni, basi na tuisome hii. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni za mwaka 1979, na zile za mwaka 2002 zilizozirekebisha, ziliweka kiboko kuwa adhabu ya makosa makubwa ya nidhamu. Tena zile za mwaka 2002 ziliagiza viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na habari zake ziandikwe kitabuni. Kukosa hesabu ya kugawanya si kosa kubwa la nidhamu. Mwalimu amchapaye mtoto kwa jibu lisilo sawa hana kanuni ya kumkinga.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya kanuni zote. Jioni watoto wategapo vitendawili, mmoja husema Kitendawili, wenzake huitikia Tega, na kila mtu hubahatisha jibu lake. Akikosa huyu, hujaribu yule. Hapana achapwaye wala achekwaye hata aone haya ya kurudi kesho. Wakishindwa wote, humpa mtegaji mji, naye huwafumbulia. Katika mchezo huo mtoto hujifunza kwamba kosa ni hatua ya njiani. Yasikitisha kwamba mtoto yule yule ajibuye mara tano barazani hajibu hata mara moja darasani.

Wako watakaosema kwamba tukiwapa watoto ruhusa hiyo tutalea watu wabishi wasio na adabu. Twajibu kwamba adabu iko katika namna ya kusema, wala haiko katika kunyamaza. Na wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wengine watasema kwamba kukariri ndiko kulikotufikisha hapa. Hatukudharau kukariri. Vyuo vyetu vya Kurani vimewafundisha watu wa pwani kuhifadhi kwa karne nyingi, na kumbukumbu ni ghala jema. Walakini mwanachuoni hakuishia katika kuhifadhi. Baada yake alitafuta maana, akasoma sherehe, akauliza masheikh. Bagamoyo yatupa mfano: Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa mjini hapa kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa. Aliuza samaki, akatafuta elimu, akafungua madrasa, akawa kiongozi mkubwa wa Kadiria hata alipofariki mwaka 1931. Mtu aliyehesabiwa kuwa mali ya mwingine asingalifika huko kama angaliwaamini waliomwambia kwamba hawezi.

Wala hatusemi kwamba kila wazo la mtoto ni kweli. Kuyaamini mawazo yako maana yake ni kuyatoa nje yapimwe. Nunge kuna mashamba ya chumvi. Basi mwalimu na awaulize watoto, lita moja ya maji ya bahari ina gramu ngapi za chumvi? Kila mmoja aandike makisio yake na sababu yake kabla ya kuchemsha. Maji yakikauka wapime, nao watapata kadiri ya gramu 35. Aliyeandika 300 atajua amekosa, na hapana mtu aliyemwaibisha. Chumvi yenyewe imemsahihisha.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mtoto wa shule ya Serikali huzoea kusoma kwa Kiswahili, kisha aingiapo sekondari hukuta masomo yamekuwa Kiingereza, naye aliyekuwa msemaji huwa bubu. Hatutaki kuzungumza hapa juu ya sera. Twasema tu kwamba mwalimu aweza kumwacha afikiri kwanza kwa lugha aliyo nayo, kisha amsaidie kulivika wazo lake Kiingereza. Asipofanya hivyo mtoto atahifadhi maneno ya lugha mbili asifikiri kwa hata moja.

Huenda msomaji akauliza, haya yatuhusu nini sisi makarani, matabibu na waweka hazina? Yatuhusu sana, kwa kuwa mtoto huyo kesho ataketi katika meza ya pili ofisini mwetu. Ataletewa hati ya malipo yenye jumla isiyo sawa, ataliona kosa, naye atanyamaza kwa sababu mkubwa amekwisha kutia sahihi. Hasara itakayofuata itakuwa ya wananchi. Tukumbuke habari za Martin Kayamba, karani wa Tanga aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika mwaka 1922. Mwaka 1931 aliitwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kazi ya karani ni kuandika maneno ya wengine; siku ile aliulizwa yeye aonaje, na hapakuwa na ubao wa kunakili.

Basi twatoa mashauri matatu. La kwanza ni kwa waalimu: mkiisha kuuliza, ngojeni. Mary Budd Rowe wa Marekani alichunguza madarasa katika miaka ya 1970, akaona kwamba waalimu walingoja kadiri ya sekunde moja tu. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Dawa hii haina gharama. La pili ni kwa wazazi: mtoto arudipo, msimwulize alama peke yake, mwulizeni leo ameuliza swali gani, na jibu lake amelijuaje. La tatu ni kwa wakuu wa ofisi: kijana mgeni aonyeshaye kosa kwa heshima ashukuriwe mbele ya wenzake, hata kama wakati huo hakulipatia.

Twawaomba wanachama wa matawi yote ya pwani, hasa wale walio katika kamati za shule, walijadili jambo hili katika mkutano wao ujao, na watuletee habari za yale waliyoyajaribu na yaliyotokea, yakiwa mema au mabaya. Tutayachapa katika kurasa hizi, wala hatutataka wote wakubaliane nasi.

Mhariri