Mukono wa enjenyeri

Wazazi, mutoto akiingia Polytechnique hapa Lubumbashi tunafurahi sana: kesho ni enjenyeri mu mugodi. Lakini nani anamufundisha kukatala kutia mukono?

Tukumbuke Brumadinho, kule Brazili. Tarehe 25 Januari 2019, saa sita na nusu ya muchana, barage ya kuzuia matope ya mugodi wa chuma ilipasuka. Watu 270 walikufa, wengi watumishi. Kantini yao ilikuwa chini ya ile barage. Miezi mine mbele, maenjenyeri walitia mukono ku karatasi: barage iko muzima. Hesabu walijua, diplome walikuwa nayo. Mumoja wao aliambia polisi kama kompani ilimusukuma.

Huku kwetu pia muchimbaji anashuka chini kwa kuamini karatasi yenye hakusoma.

Tunaomba walimu waulize hii mu egzame, pamoja na hesabu: chef akisema “saini leo ao kazi inaisha”, utafanya nini? Na wakati wa staji, mwanafunzi akule mu kantini pamoja na watumishi, ajue sura zao na majina ya watoto wao, mbele ya kushika bike.