Vipimo vya visima vyetu viwekwe hadharani

Makamanda, kila kampeni Chalinze tunaahidiwa visima. Mimi nauliza: nani anajua huko chini kuna maji kiasi gani, na ya chumvi yameanzia wapi?

Wataalamu wana njia ya kujibu. Wanatengeneza modeli ya kompyuta ya bonde zima: mvua inayopenya ardhini, aina ya miamba, maji yanayovutwa na pampu. Kisha wanailinganisha na kina cha maji kilichopimwa visimani miaka iliyopita. Modeli ikisema mita 20 na kisima kikasema 35, wanarekebisha makadirio mpaka vikaribiane. Bila vipimo vya miaka mingi, hiyo modeli ni picha nzuri tu ya kuonyeshana kwenye mikutano.

Sasa njoo kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote Tanzania Bara ni ya umma, Rais ni mdhamini tu. Vibali vinatolewa na Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Mdhamini gani anagawa mali bila kuwaonyesha wenyewe hesabu?

Ruvu ilipopungua mwishoni mwa 2022, Dar ilikimbilia visima virefu vya Kigamboni. Siku wakitugeukia sisi, tutajitetea na takwimu zipi?

Tudai vipimo vya kila kisima cha umma vibandikwe ofisi za vijiji, na modeli iwekwe wazi kabla ya kibali chochote kikubwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ipo. Tuandike barua.