Pauni 70 za Nini?

Ndugu zangu wa ughaibuni, kila majira ya joto yakianza hapa Marekani, mazungumzo kwenye pikiniki zetu huwa yaleyale. Fulani kanunua upinde wa kuvulia samaki, una magurudumu, nguvu yake pauni 70, na bei yake haisemeki mbele ya mkewe. Vijana wanamshangilia. Mimi napinga, na napinga kwa hesabu.

Tuanze na maji. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa kasi: mshale ukienda kasi maradufu, maji huuzuia mara nne zaidi. Ndiyo maana kasi uliyoinunua kwa dola nyingi humezwa upesi. Kinachofika chini ni uzito. Mishale miwili yenye unene na umbo moja ikiingia majini kwa kasi moja, ule wenye uzito maradufu huenda takriban mbali maradufu kabla ya kuchoka. Basi nunua mshale mzito wa faibaglasi, usio na manyoya, na pauni 40 zitakutosha. Kweli, kwa samaki mkubwa mwenye magamba magumu kule Texas, nguvu ya ziada ina maana. Lakini wengi wetu tunavua karpu kwenye maji ya kiunoni.

Tena, upinde wa kuwindia kulungu umetengenezwa kwa mtu anayevuta, akatulia, akalenga. Samaki hakupi nafasi hiyo. Unavuta na kuachia, mara nyingi kabla mkono haujafika mwisho, na utarudia hivyo kutwa nzima. Upinde mwepesi usio na magurudumu unaifanya kazi hii vizuri zaidi.

Sasa nije kwenye linalonikasirisha. Mtu huyohuyo aliyetoa mamia ya dola hufunga mshipi kwenye tundu la nyuma ya mshale, kwa kubania kipande cha plastiki cha dola chache. Kipande hicho huteleza juu ya mti wa mshale. Kabla ya kufyatua hukaa mbele, kikauweka mshipi mbele ya upinde. Mshale ukiondoka, hurudi mkiani. Bila hicho, mshipi huning'inia karibu na ugwe. Ukinasa hapo, mshale husimamishwa ghafla hewani na waweza kukurudia usoni, na chembe yake ina kulabu. Kigurudumu cha mshipi nacho ni hivyohivyo: kile cha kubonyeza, ukisahau kukifungua, hatari ni ileile. Anayeanza achukue kile cha chupa, ambacho mshipi hutoka wenyewe.

Halafu kuna miwani ya kukata mng'ao wa maji. Mwanga hupinda ukitoka majini, hivyo samaki aliye futi 4 chini, ukimtazama wima, huonekana yuko futi 3. Lenga chini yake. Miwani hiyo pia hukusaidia kumjua samaki kabla ya kumchoma. Bafalo wa mdomo mpana, samaki wa asili wa mito ya hapa, hufanana na karpu machoni pa mwenye haraka. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Samaki wa ndoano hurudishwa mtoni. Wa mshale harudishwi akapona.

Kwa hiyo pangeni bajeti kuanzia kwenye mshale: kwanza kile kipande cha plastiki, pili mshale wenyewe, tatu miwani, nne leseni ya jimbo lenu na orodha ya samaki wanaoruhusiwa. Upinde uwe wa mwisho. Baba anayemkabidhi mwanawe upinde wa kutambia na mshipi uliofungwa ovyo hajampa zawadi, kamtegea mtego.

Anayebisha na aje na hesabu, si na risiti. Naomba kuwasilisha.